Mwongozo wa Usalama Nje Wakati wa Masika: Radi, Maji ya Ghafla, Upepo na Baridi

Kati ya Machi na Mei, ukanda wa mvua unaolifuata jua hupita juu ya Ikweta na kuleta masika katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, nyanda za juu za kaskazini mashariki, maeneo yanayolizunguka Ziwa Victoria na sehemu kubwa ya Kenya. Ni miezi ambayo watu hawawezi kukaa ndani: mkulima anapalilia, mfugaji anafuata majani mabichi, wanafunzi wanacheza ligi za shule, na bodaboda hana mshahara wa kumlipa siku asiyotoka. Mwongozo huu haumwambii yeyote abaki nyumbani. Unafuata mpangilio wa siku ya mtu anayetoka, kuanzia anapojiandaa hadi mvua inapokatika, na unasisitiza jambo ambalo wengi hulisahau: hatari kubwa za masika humfikia mtu kabla mvua haijamfikia, kwa kuwa radi huweza kupiga mbali na mahali inaponyesha, na maji yanayomsomba mtu bondeni huwa yamenyesha milimani.

Hatua ya 1: Soma utabiri wa mahali unapokwenda na wa mahali maji yanapotoka

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa, wenye ngazi tatu za onyo: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zinazoonyeshwa kwa rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Nchini Kenya, Idara ya Hali ya Hewa hutoa taarifa za namna hiyo zikitaja kaunti zitakazoguswa. Usiishie kutazama rangi, bali soma pia maelezo yanayotaja athari zinazotarajiwa, kwa sababu angalizo la njano kwa mtu anayeishi mlimani laweza kuwa jambo zito zaidi kwa anayeishi kando ya mto unaotoka mlima huo, chini kabisa.

TMA inapotaja mvua kubwa, inazungumzia mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kipimo hicho huonekana kidogo mpaka ukipigie hesabu: milimita 50 zikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 50,000 za maji, yaani tani 50,000, na eneo linalolisha korongo moja laweza kuwa na makumi ya kilomita kama hizo. Kwa sababu hiyo, anayekwenda bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam aangalie pia hali ya vilima vya Kisarawe na Pugu, na anayeishi tambarare za Mto Tana aulize kinachoendelea Mlima Kenya na Aberdare.

Hatua ya 2: Panga saa zako

Nchi kavu hupata joto tangu asubuhi, hewa yenye unyevu hupanda, na mawingu ya radi hukomaa zaidi kati ya saa nane mchana na saa moja jioni. Kazi za mahali pa wazi, kama kuvuka mbuga, kupanda kilima au kuezeka paa, zifanywe asubuhi, na kabla ya kuanza mkubaliane saa ya kugeuza hata kama kazi haijaisha. Ziwa Victoria lina ratiba ya kinyume. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka kila upande, hewa hukutana katikati na kupanda, na dhoruba nyingi hutokea kati ya usiku wa manane na asubuhi, wakati uleule wavuvi wa dagaa wanapokuwa majini na taa zao.

Hatua ya 3: Beba vichache vinavyofaa

Beba koti la mvua, nguo kavu moja ndani ya mfuko usiopitisha maji, tochi, filimbi, maji ya kunywa, na simu iliyochajiwa ikiwa imefungwa vizuri. Mwambie mtu mmoja njia utakayopita na saa unayotarajia kurudi. Mwavuli ni mzuri mjini, lakini uwanjani wakati wa radi ufungwe.

Hatua ya 4: Ondoka ngurumo ya kwanza inaposikika

Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu kati ya mmweko na ngurumo ni sawa na kilomita moja hivi. Sekunde 30 ni kilomita kumi, na umbali huo tayari ni hatari, kwa kuwa wingu la radi huweza kupiga zaidi ya kilomita kumi kutoka mahali mvua inaponyesha, hata pale ambapo juu yako anga ni ya buluu. Hesabu hii husaidia kujua kama wingu linakuja au linakwenda, lakini isiwe sababu ya kuchelewa. Sikio likipata ngurumo, maana yake umo ndani ya eneo linaloweza kupigwa, na kazi isimame hapo hapo.

Jambo hili ni gumu zaidi michezoni. Mwamuzi huogopa kuzomewa, kocha anaongoza bao moja, na watazamaji wamelipa. Kwa maoni yangu, uamuzi usiachwe kwa mtu mmoja anayekimbia na filimbi mdomoni. Kila shule na kila kamati ya ligi imteue kabla ya mchezo mtu asiyecheza ambaye neno lake la kusimamisha mchezo halijadiliwi. Mchezo urudi baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ngurumo mpya ikisikika, dakika hizo zianze kuhesabiwa upya.

Hatua ya 5: Chagua hifadhi ya kweli

Hapa ndipo watu wengi hupoteza maisha, kwa sababu wanachanganya kujikinga na mvua na kujikinga na radi. Mahali salama ni jengo kubwa lenye kuta, nyaya za umeme na mabomba, au lililofungwa kinga ya radi, ambamo umeme hupata njia ya chuma ya kushuka ardhini bila kupita mwilini mwa mtu. Gari lenye paa la chuma nalo ni salama likifungwa vioo, na linalomlinda aliyemo ni bodi ya chuma inayozungusha umeme nje yake, wala si matairi ya mpira kama wengi wanavyoamini. Daladala au basi hufaa. Bajaji, pikipiki, trekta lisilo na kibanda na nyuma ya lori lililo wazi havifai.

Mti ni mahali pabaya kuliko pote. Radi ikiupiga, sehemu ya umeme huruka kutoka kwenye shina hadi kwa aliyesimama karibu, na sehemu nyingine husambaa ardhini kupitia mizizi na udongo uliolowa. Umeme huo wa ardhini ndio unaojeruhi na kuua watu wengi kuliko radi inayompiga mtu moja kwa moja. Ndio pia unaolaza ng'ombe kumi kwa mara moja: miguu ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, umeme huingia upande mmoja na kutokea mwingine, ukipita moyoni. Mchungaji asisimame katikati ya kundi wala asishike uzio wa waya, kwa kuwa waya hupeleka umeme mbali sana na mahali ulipopigwa.

Banda la makuti, kibanda cha kusubiria basi, turubai la sokoni na hema havizuii radi. Paa la bati lililokaa juu ya kuta za tofali bila waya wowote unaoteremka ardhini nalo halitoshi. Mwezi Juni 2011, katika shule ya msingi Runyanya wilayani Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 waliokuwa darasani, na vifo hivyo viliamsha harakati za kufunga kinga za radi katika shule za nchi hiyo. Ikiwa nyumba ya namna hiyo ndiyo pekee iliyo karibu, kaa katikati ya chumba, mbali na kuta, mlango, madirisha na nguzo za chuma, miguu ikiwa pamoja juu ya kitu kikavu. Ikiwa kuna gari la chuma jirani, gari ni bora zaidi. Mwalimu mkuu anayesoma haya na shule yake haina kinga aliweke jambo hilo kwenye ajenda ya kikao kijacho cha kamati.

Ukikwama mahali wazi kabisa, shuka kutoka kileleni au juu ya tuta, toka majini, weka chini jembe na fimbo ya chuma, na endelea kutembea kuelekea hifadhi. Kikundi kitawanyike kwa hatua nyingi kati ya mtu na mtu, ili mmoja akipigwa wabaki wa kumsaidia. Nywele zikisimama au ngozi ikianza kuwasha, chuchumaa mara moja kwa nyayo, visigino vikigusana na kichwa kikiwa chini, wala usilale. Kuchuchumaa huku hakukuhakikishii usalama. Hupunguza tu uwezekano wa kuumia, kisha unainuka na kuendelea.

Imani nyingi zinazozunguka radi hula muda ambao ungeokoa maisha. Kuvua nguo nyekundu hakubadilishi lolote, na kufunika vioo vya nyumbani hakuzuii umeme. Simu ya mkononi haivuti radi, ingawa simu iliyounganishwa na chaja ukutani iachwe mpaka mvua ipite.

Hatua ya 6: Mtu akipigwa na radi, mguse na umsaidie

Mwili wa aliyepigwa haubaki na umeme, kwa hiyo hakuna hatari ya kumgusa, ila mhamishieni haraka mahali salama kama ngurumo bado zinaendelea. Asifukiwe mchangani wala kupakwa tope. Radi husimamisha moyo na pumzi, na mtu anayeonekana amekufa anaweza kurudi akisaidiwa katika dakika za kwanza. Kwa hiyo, wakipigwa wengi kwa pamoja, anzeni na wale wasiopumua. Wanaolia na kusogea kwa kawaida wataishi. Mlaze chali, weka kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, bonyeza kwa kina cha sentimita tano hivi mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mpokezane bila kuacha hadi msaada wa kitabibu ufike. Hata anayeamka na kusema yuko salama apelekwe hospitali.

Hatua ya 7: Kaa mbali na maji yanayokimbia

Mkondo huua kwa uzito na kasi. Mita moja ya ujazo ya maji ina tani moja, na kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya msukumo huongezeka mara nne. Ndiyo maana maji ya kina cha sentimita 15 tu, yanayopita kidogo kifundo cha mguu, yaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zikaelesha gari dogo, na sentimita 60 zikasomba magari mengi makubwa. Maji ya mafuriko yana rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo hakuna anayejua kama barabara iliyo chini yake bado ipo.

Korongo kavu ni njia ya maji iliyopumzika. Usipige kambi ndani yake, usiegeshe gari, usiwaache watoto wakichimba mchanga humo wakati milima ya juu imefunikwa na wingu. Katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, vijana wa kikundi cha kanisa walisombwa na kufa Aprili 2012, na Septemba 2019 maji yaliwakuta tena watalii mahali palepale. Korongo hilo ni jembamba na kuta zake ni ndefu, na ukiwa chini huoni anga inayotosha kujua kinachokuja. Kabla hujaingia mahali kama hapo, uliza wapi pa kupandia, na urudi juu ukiona maji yamebadilika kuwa ya tope, vijiti na majani vimeanza kuelea, kiwango kimepanda au kumesikika mngurumo kama wa lori kutoka juu. Panda ukingo ulio karibu, wala usikimbie kufuata korongo, kwa kuwa maji yatakushinda mbio.

Anayelazimika kuvuka kwa miguu mto asiouona chini asivuke, angoje. Mito midogo ya milimani hupanda haraka na kushuka ndani ya saa chache, na kulala upande usio wako si aibu. Ukisombwa, achia mzigo, lala chali miguu ikitangulia mbele kuelekea mkondo unakokwenda ili ikinge mawe, na piga mikono kuelekea ukingoni kwa mshazari. Usijaribu kusimama mpaka maji yawe ya kina kifupi sana, kwani mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utakulaza. Ukiona mti ulioanguka umeziba njia, geuka tumboni na uparamie juu yake, usiache ukuvute chini ya matawi.

Dereva ana kishawishi cha ziada, kwa sababu nyuma yake kuna foleni na mbele yake kuna aliyepita. Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na wenzao waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kupita daraja lililofunikwa na Mto Enziu, Mwingi, katika kaunti ya Kitui, na zaidi ya watu 30 walikufa mbele ya macho ya waliosimama kando. Maji yakiwa yamefunika drifti, yaani barabara ya zege inayokatiza mto, au daraja, geuza. Abiria washuke kabla ya dereva kujaribu, hata akikasirika, na mwenye bodaboda asimvushe mtoto wa shule kwa ahadi ya nauli mara mbili. Gari likizimika ndani ya maji, fungua mkanda na ushushe kioo mara moja, kwa sababu mlango hautafunguka maji yakishaukandamiza, kisha tokeni kupitia dirishani. Mkondo ukiwa na nguvu, pandeni juu ya paa na mpige simu.

Hatua ya 8: Tazama mteremko na nyaya

Ardhi iliyonyeshewa siku kadhaa mfululizo huweza kuporomoka hata siku ya jua. Nyufa mpya ardhini, miti au nguzo zilizoinama, chemchemi inayotokea mahali pasipokuwa na maji na mto unaopungua ghafla wakati mvua inaendelea ni ishara za kuhama upande, mbali na njia ya tope, kabla ya kufikiria mali. Matope ya Mlima Hanang yaliyoshuka Katesh Desemba 2023 yalibeba mawe na magogo hadi katikati ya makazi.

Upepo unaotangulia wingu la radi huangusha matawi, mabango na nguzo. Waya wa umeme ulioanguka uchukuliwe kuwa hai hata kama mtaa mzima umezimika. Kaa angalau mita kumi kutoka kwake, zuia wengine, na usipite kwenye dimbwi linalougusa.

Hatua ya 9: Ziwani na baharini

TMA huonya vyombo vidogo upepo unapotarajiwa kufikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita mbili. Mtumbwi au mashua isiondoke siku hiyo. Aliyekwisha kutoka aangalie upepo wa baridi unaovuma ghafla kutoka upande wa wingu jeusi, kwani huo hutangulia dhoruba kwa dakika chache tu, na ufuo ulio karibu ni bora kuliko bandari ya nyumbani. Jaketi la kujiokoa livaliwe tangu mwanzo, maana lililokaliwa kama mto halivaliki chombo kikishapinduka. Radi ikianza, kaeni chini katikati ya chombo, mbali na mlingoti. Pwani ya kusini izingatie pia kwamba Aprili na mwanzo wa Mei ni mwisho wa msimu wa vimbunga vya Bahari ya Hindi: kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952, na Hidaya kilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024.

Hatua ya 10: Mlimani, jihadhari na baridi

Joto hupungua kwa takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 25 Moshi ni chini ya sifuri kileleni Kilimanjaro. Nguo ya pamba iliyolowa hunyonya joto la mwili. Mwenzako akianza kutetemeka sana, kujikwaa na kuongea kwa kukokota maneno, mvue nguo zilizolowa, mfunike vikavu, mpe kitu kitamu cha moto, na shukeni. Kutetemeka kukikoma naye bado ana baridi, hali imekuwa mbaya zaidi, na asilazimishwe kutembea.

Hatua ya 11: Mvua ikikatika

Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi shambani au uwanjani. Namba ya dharura 112 hutumika Tanzania na Kenya. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania hupatikana kwa 114, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa 1199. Anayeishi kando ya mto mkubwa asubiri zaidi ya wengine, kwa sababu maji ya nyanda za juu huchukua siku kadhaa kufika chini ya Rufiji au Garissa. Kwa hiyo endelea kusikiliza taarifa za mabwawa na za vijiji vya juu, weka alama ya kijiti ukingoni, ikague asubuhi na jioni, na usirudishe mifugo wala vyakula bondeni mpaka maji yawe yameshuka chini ya alama hiyo kwa siku mbili mfululizo.